Hapa Hakuna Tume ya Taifa: Mwongozo kwa Mpiga Kura Mpya wa Buffalo

Aliyetoka Kongo anaijua CENI. Aliyetoka Kenya anaijua IEBC, na aliyekulia kambi ya Nyarugusu akisikiliza redio za Kigoma amesikia habari za Tume ya Taifa ya Uchaguzi tangu utotoni. Ndiyo maana swali la kwanza la wengi wetu, tukishakula kiapo cha uraia wa Marekani, huwa ni hili: tume ya hapa iko wapi, na mwenyekiti wake ni nani?

Haipo. Kuna tume Washington yenye jina la uchaguzi, lakini kazi yake ni kufuatilia fedha za kampeni. Haichapi karatasi ya kura wala haihesabu. Anayekuandikisha, anayetunza jina lako daftarini, anayekupangia kituo na anayehesabu kura yako ni Bodi ya Uchaguzi ya Kaunti ya Erie, ofisi namba 134 West Eagle Street, katikati ya jiji. Ina makamishna wawili, mmoja wa chama cha Democratic na mmoja wa Republican, na sheria ya New York inataka vyama hivyo viwili vigawane nafasi sawa kwa sawa hata kwa makarani wa vituoni. Sisi tumezoea tume inayoapa kwamba haina chama. Hawa wamekubali kwamba kila mtu ana chama, wakaamua kila mkono unaogusa kura uwe na mkono wa mpinzani pembeni yake.

Jambo hili ulishike mapema, maana linaeleza mengine yote: kinachoitwa uchaguzi wa taifa ni chaguzi za majimbo 50 pamoja na mji mkuu, zinazofanyika siku moja, kila moja kwa sheria zake. Binamu yako aliyeko Columbus, Ohio, au Louisville, Kentucky, akikuambia "huku tunafanya hivi," msikilize kwa heshima, kisha usifanye hivyo mpaka uulize West Eagle Street.

Usiguse fomu kabla ya kiapo

Wenye grinikadi, someni sehemu hii mara mbili. Kupiga kura ya rais au ya Bunge la Marekani bila uraia ni kosa la jinai la shirikisho, na linaweza kukufunga. Lakini jela siyo hatari kubwa kuliko zote. Kudai kuwa wewe ni raia wakati bado si raia, hata kwa kutia alama kwenye kisanduku kimoja cha fomu, kunaweza kukufungia mlango wa uraia kwa maisha yako yote na kukuingiza kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura.

Mahali pa kuwa macho zaidi ni kaunta ya leseni ya udereva. Huko DMV, pamoja na maswali ya anwani na rangi ya macho, lipo swali la kujiandikisha kupiga kura. Sisi tumelelewa kuitikia "ndiyo" kwa adabu kwa kila linalotoka dirishani. Hapo usiitikie. Kama Kiingereza hakijakaa sawa, nenda na mtu, au soma fomu nyumbani kwanza. Anayekusimamisha nje ya duka Grant Street na ubao wa fomu mkononi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini haulizi karatasi zako, na kosa likitokea litabaki kwako, yeye akiwa ameshakwenda zake.

Mkimbizi kwa kawaida huomba uraia baada ya miaka mitano, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, si tangu kadi ilipotoka. Ukishaapa, watazame wanao pia: mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grinikadi, anayeishi nawe na kulelewa nawe, huwa raia pamoja nawe bila kiapo chake mwenyewe. Hapa New York kijana raia anaweza kujiandikisha mapema akiwa na miaka 16, ili afikapo 18 jina lake liwe tayari.

Na yule ambaye bado hajaapa asidhani kwamba hahesabiki. Sensa huhesabu watu, si raia peke yao, na viti vya Bunge hugawanywa kwa majimbo kufuatana na sensa. Mwaka 2020 Buffalo ilifikisha watu 278,349. Ilikuwa mara ya kwanza mji kuongezeka tangu sensa ya 1950, na wahamiaji na wakimbizi wana sehemu kubwa katika ongezeko hilo. Hata hivyo, New York ilipoteza kiti kimoja cha Bunge kwa upungufu wa watu 89. Themanini na tisa! Harusi moja tu ya Wabembe West Side hujaza watu zaidi ya hao. Aliyeufunga mlango mwaka ule akidhani karani wa sensa ni mtu wa uhamiaji alichangia kulipunguzia jimbo mbunge mmoja, na pamoja naye mjumbe mmoja wa kumchagua rais.

Simama mbele ya Cleveland

Hao wajumbe ndio wanaowachanganya watu, basi twende tukaelezwe na mwenyeji. Mbele ya City Hall, pale Niagara Square, kuna sanamu mbili za marais waliotoka mji huu, Millard Fillmore na Grover Cleveland. Simama kwa Cleveland. Alikuwa sherifu wa Kaunti ya Erie, akawa meya wa Buffalo mwaka 1882, gavana wa New York mwaka uliofuata, na Novemba 1884 akachaguliwa rais. Kutoka ofisi ya meya hadi Ikulu alitumia miaka mitatu tu na kidogo.

Mwaka ule wa 1884 aliongoza New York kwa kura elfu moja na ushei tu, kati ya zaidi ya milioni moja zilizopigwa. Zile elfu moja zilimpa wajumbe wote 36 wa jimbo, na bila wajumbe hao urais ungekwenda kwa mpinzani wake. Miaka minne baadaye akagombea tena. Nchi nzima alipata kura kama 90,000 zaidi ya Benjamin Harrison. Akashindwa. New York ilikuwa imemponyoka, na wajumbe wake 36 wakahamia kwa Harrison. Mwaka 1892 alirudi akashinda, na hadi Donald Trump aliposhinda tena 2024, hakuna rais mwingine aliyetoka madarakani, akampisha mtu, kisha akarudi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wake wawili. New York sasa ina viti 26, kwa hiyo wajumbe ni 28. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina kiti kimoja, basi wajumbe 3. Mji mkuu wa Washington nao una 3. Jumla ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Majimbo 48 humpa wajumbe wote yule aliyeongoza hata kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee ndiyo yanayogawa. Unapojaza duara la mgombea urais, kwa hakika unachagua orodha ya wajumbe waliokwisha kuahidi kumpigia.

Mkenya atakumbuka sharti la robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Nia inakaribiana, kwamba mtu asishinde kwa ngome yake tu. Lakini Kenya hujumlisha kura za nchi nzima kwanza, na kura ya Turkana ni sawa na ya Nairobi. Hapa jumla ya nchi nzima utaiona kwenye televisheni, ila kisheria haimpi mtu chochote. Kinachofuata hufanyika kimyakimya: kaunti inathibitisha, jimbo linathibitisha, wajumbe wa New York wanakutana Albany mwezi Desemba, Bunge linahesabu kura zao Januari 6, rais anaapa Januari 20. Jina linalotangazwa usiku wa uchaguzi ni hesabu ya vyombo vya habari. Hakuna mwenyekiti wa tume atakayekuja mbele ya kamera na bahasha.

Sasa nikuambie jambo ambalo wahamasishaji huliruka. New York haijampa mgombea wa Republican wajumbe wake tangu Ronald Reagan mwaka 1984. Uwe upande huu au ule, kura yako ya urais ukiwa Buffalo haielekei kubadili wale 28. Endesha gari kama saa moja na nusu kusini-magharibi, ukivuka kuingia Pennsylvania, utafika kaunti nyingine inayoitwa Erie vilevile. Erie hiyo ilimchagua Obama 2012, Trump 2016, Biden 2020, na Trump tena 2024. Huko wagombea wanapishana kama mabasi ya stendi, wanakula na wananchi, wanabeba watoto. Ziwa ni lilelile, jina ni lilelile, lakini mpaka wa jimbo umebadilisha uzito wa kura. Mimi naona ni mpango mbovu. Ndio uliopo, hata hivyo, na kumkasirikia rais kila baada ya miaka minne hakutakupeleka popote usipojua kura yako ina nguvu wapi.

Kura yako ina nguvu wapi

Geuza macho yashuke kwenye karatasi. Mbunge wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila miaka miwili. Seneta hukaa miaka sita, kwa hiyo kuna miaka ya uchaguzi ambapo New York haichagui seneta yeyote. Chini yao wapo gavana, seneta wa jimbo (si yule wa Washington, na kosa hili hutokea sana), mbunge wa jimbo na majaji. Ndiyo, hapa majaji wengine hupigiwa kura.

Buffalo iko katika jimbo la uchaguzi la 26 la New York. Februari 2024 mbunge wake, Brian Higgins, alijiuzulu. Ukaitishwa uchaguzi mdogo tarehe 30 Aprili, Tim Kennedy wa Democratic akashinda, na watu wengi wa West Side hawakujua kama siku hiyo kulikuwa na kura. Katika uchaguzi mdogo wa namna hii hakuna mchujo. Viongozi wa vyama ndio wanaoteua wagombea. Asiyefuatilia hupata mbunge kama apatavyo hali ya hewa.

Uchaguzi mkuu ukiwa umekwisha kabla haujaanza, kama ilivyo kawaida katika mji wenye chama kimoja kikubwa, vita halisi huwa kwenye mchujo wa Juni. Watanzania huuita kura za maoni. Hapa, tofauti na kwetu, mchujo huendeshwa na bodi ileile, kwa vituo na mashine zilezile. Lakini mchujo wa New York umefungwa: asiyeandikwa mwanachama wa chama hapewi karatasi ya chama hicho. Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna sehemu ya kuchagua chama, na wengi wetu huiacha tupu kwa woga tuliokuja nao. Tulikotoka, kujulikana chama chako kungeweza kukuchomea nyumba. Naielewa hofu hiyo, sitaicheka. Ila jua gharama yake ni kuukosa mchujo. Kuandikwa chama hakukulazimishi kukipigia kura Novemba, na hakuna kadi wala ada. Ukitaka kubadili chama ili upige kura katika mchujo wa mwaka huo, mabadiliko yafike bodi kabla Februari 14 haijapita. Anayejiandikisha mara ya kwanza hafungwi na tarehe hiyo.

Mfano wa Buffalo uko karibu. Juni 2021 Byron Brown, meya tangu 2006, aliangushwa katika mchujo wa Democratic na India Walton, muuguzi ambaye hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa. Kura zote za mchujo ule hazikufika elfu 30. Novemba jina la Brown halikuwapo kwenye karatasi, lakini sheria inaruhusu kuandika jina la umtakaye kwa mkono katika nafasi iliyoachwa wazi. Watu wake wakagawa mihuri yenye jina lake ili mpiga kura asihangaike na tahajia, na akashinda.

Kujiandikisha na siku yenyewe

Kujiandikisha unahitaji uraia, miaka 18 ifikapo siku ya kura, na kuwa mkazi wa kaunti kwa siku 30. Aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa anapata haki yake akitoka gerezani, hata kama bado yuko chini ya uangalizi. Fomu ifike bodi siku 10 kabla ya uchaguzi. Ukihama, tuseme kutoka Grant Street kwenda mitaa ya Broadway au Cheektowaga, anwani mpya ifike siku 15 kabla.

Majina ndiyo yanayotusumbua. Nusu ya watu ninaowafahamu walizaliwa Januari 1, kwa sababu karani fulani wa kambi hakuwa na muda wa kuuliza. Jina la ukoo limekaa mbele, la ubatizo nyuma, na "Mwamini" imekuwa "Muamini" katika karatasi ya pili. Chukua cheti cha uraia, nenda kwanza ofisi ya Social Security ukabadilishe hali yako na kusahihisha jina, halafu leseni, halafu fomu ya kura, zote zikiwa na herufi zilezile. Ukianza kinyume utazunguka.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 3, na unahusu gavana, Baraza la Wawakilishi na bunge la jimbo. Jumanne hiyo kazi nyingi huendelea kama kawaida. Kabla yake kuna siku tisa za kupiga kura mapema, kuanzia Jumamosi Oktoba 24 hadi Jumapili Novemba 1, na katika Kaunti ya Erie unaruhusiwa kituo chochote cha kura za mapema. Siku yenyewe ni kituo chako tu, saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Ukiwa foleni saa 3 ikigonga, usiondoke. Wenye zamu za kiwandani, ni hivi: kama ratiba yako haikuachii saa nne mfululizo kabla au baada ya kazi vituo vikiwa wazi, una haki ya hadi saa mbili za ruhusa yenye malipo, mradi umemwarifu msimamizi angalau siku mbili za kazi kabla. Tangu 2024 mpiga kura yeyote wa New York anaweza pia kuomba kura ya posta bila kutoa sababu. Bahasha ya ndani ina mahali pa sahihi. Bila sahihi hiyo kura yako itakwama.

Mlangoni watu wetu huchomoa kitambulisho. Wakongomani hasa, maana kwao kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha maisha yote, cha benki na cha barabarani. New York kwa kawaida hawakiombi. Unataja jina na anwani, unatia sahihi, wanailinganisha na ile ya zamani. Anayejiandikisha kwa posta bila bodi kuthibitisha utambulisho wake anaweza kuombwa kitambulisho mara ya kwanza, kwa hiyo kukibeba hakudhuru. Fulana, kofia au kanga ya mgombea iache nyumbani. Ndani ya futi 100 za kituo, yaani kama mita 30, kampeni hairuhusiwi. Wala usiipige picha karatasi uliyokwisha kuijaza.

Karatasi haina Kiswahili. Sheria ya shirikisho ya lugha inataja Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, sisi hatumo. Lakini Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, kwa marekebisho ya 1982, inampa asiyeweza kusoma karatasi haki ya kuingia na msaidizi amtakaye mwenyewe. Anaweza kuwa binti yako, jirani, au mzee wa kanisa. Asiwe tu mwajiri wako au wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Karani asiyejua akikuzuia, sema kwa utulivu kwamba ni haki yako kisheria, na umwombe apige simu bodi. Na jina lako lisipoonekana daftarini, usirudi nyumbani kwa unyonge: omba kura ya kiapo. Utaijaza, utaifunga kwenye bahasha yenye maelezo yako, na bodi itaichunguza baadaye.

Jina lilelile unaweza kulikuta mara mbili. Mwaka 2024 Kamala Harris alikuwa chini ya Democratic na Working Families, Trump chini ya Republican na Conservative. Sheria ya New York inaruhusu chama kidogo kumchukua mgombea wa chama kikubwa. Jaza duara moja tu. Ukikosea, usifute wala kukwaruza. Rudisha, upewe nyingine. Kisha geuza karatasi. Mwaka huohuo wa 2024 upande wa nyuma ulikuwa na swali la kubadili katiba ya jimbo kuhusu haki sawa, likiwemo suala la kubaguliwa kwa asili ya taifa ulikotoka. Lilipita, na walioliacha tupu waliwaachia wengine waamue.

Karatasi unaiingiza mwenyewe kwenye mashine, inamezwa, namba kwenye kioo inaongezeka moja. Mara ya kwanza nilisimama pale nikamnyooshea karani kidole changu kidogo cha kushoto. Akakitazama, akanitazama, akadhani nimejikata. Nilikuwa nasubiri wino. Akanipa stika.